Viboksi Viwili Kati ya Baba na Kukhu

Daftari ni la hesabu, lile la viboksi vidogo vidogo. Jalada limeng'oka na kona moja imeliwa na mende. Nimelipata chini ya kasha la viatu tulipokuwa tunafungasha vitu vya Baba kumhamisha kutoka Kitale kwenda nyumbani Bungoma. Amestaafu, na nyumba ya serikali haimsubiri mtu. Nilipolifungua nikasikia harufu ya dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo jekundu ambalo lilikuwa linawekwa juu ya daftari hili kutwa nzima, kwa sababu mwenye kopo hakuona vizuri na aliliweka popote mkono ulipofika. Labda najidanganya. Karatasi haiwezi kutunza harufu miaka yote hiyo. Lakini niliketi juu ya gunia la nguo nikaacha kufungasha, mpaka Mama akapiga kelele kutoka jikoni kwamba lori liko njiani na mimi nimekaa kama mgeni anayengoja chai.

Mwenye kopo alikuwa Kukhu, mama yake Mama. Alikuja kwetu Kitale kutoka Bumula nikiwa darasa la nne, macho yote mawili yameingia ukungu. Hospitali ilikuwa imemwambia atapasuliwa na ataona tena, ila angoje zamu yake, na zamu yenyewe ilikuwa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo ilibidi akae mjini wiki kadhaa, karibu na daktari. Kila mtu alifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana Kukhu alikuwa mtu wa hadithi na utani, na nyumba yetu ilikuwa kimya sana. Halafu watu wazima wakaanza kunong'ona jikoni, na neno lililorudi rudi lilikuwa ukwe.

Wa kwetu watanielewa, lakini wengine niwaeleze. Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kugeuza uso. Siyo ugomvi. Ni heshima, na wenyewe wanaona fahari kuitunza. Kijijini ni rahisi kwa sababu kuna nafasi. Kitale tulikuwa na ua mmoja wa nyumba mbili, mfereji mmoja wa maji, choo kimoja, kamba moja ya nguo na lango moja, vyote vimebanwa ndani ya ua wa miiba ya kayaba.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Wambui, ambaye watu wake walitoka mkoa wa Central zamani wakanunua shamba huku Trans-Nzoia. Yeye ndiye aliyeokoa jahazi. Alisema Kukhu alale kwake, kuna kitanda. Lakini mdomo hakuufunga.

"Ati mtu hawezi kusalimia mama ya bibi yake? Wee! Sasa nyumba ikishika moto, si mtangoja kwanza mmoja atoke ndio mwingine atoke?"

"Ndiyo," Kukhu akamjibu, bila kucheka. "Mimi natoka kwanza. Mimi ndiye mkubwa."

Hata hivyo Kukhu hakuwa na amani. Kwao alikuwa akimwona mkwe wake kwa mbali na kukaa kando mapema. Hapa hakuona hata mlango. Siku ya pili tu alimwambia Mama, mbele yangu, kwa ulimi wake uliogeuza l kuwa r mara nyingi, "Mimi nikigongana na huyu mzee, hiyo hiyo siku narudi Bumura. Macho yakae." Mama akanigeukia. Mama alikuwa na kibanda cha nafaka sokoni na hangeweza kukaa nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa. Basi nikapewa kazi: mimi niwe macho ya Kukhu mpaka yake yatengenezwe.

Niliichukua kazi hiyo kwa uzito wa askari wa barabarani. Baba alikuwa afisa wa kilimo katika tarafa ya Kwanza, na alitembelea pikipiki ya kazi iliyokuwa ikikohoa kama mzee mwenye pumu. Tulianza kuisikia ikiwa bado kule kwenye kona ya posho mill, kile kinu cha kusaga unga. Nikiisikia tu namshika Kukhu mkono, popote alipo, namrudisha kwa Mama Wambui, nafunga mlango, kisha natoka nje kupaza sauti, "Baba, njia iko wazi!" Yeye naye, asubuhi kabla hajatoka chooni, anakohoa mara mbili, na mimi nachungulia. Nilijua nani yuko wapi kila dakika ya mchana. Sijawahi tena kuwa mtu muhimu kiasi hicho.

Kompyuta ilikuwa chumbani mwa Wambui, binti ya Mama Wambui, aliyekuwa amemaliza sekondari na kuanza masomo ya kompyuta mjini. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka zile za mgongo mkubwa, zinazopasha vumbi moto mpaka chumba kinanukia kama pasi iliyosahaulika. Kukhu alipenda kukaa mle kwa sababu ya joto lake. Alijipaka dawa ya magoti, akaweka kopo juu ya karatasi za watu, akasikiliza vidole vya Wambui kwenye kibodi.

"Niaje, Nekesa," Wambui aliniambia siku moja. "Nimepewa kazi ya kuandika gemu. Kuja unisaidie. Gemu ya nini?"

Angemuuliza mtoto mwingine, angeambiwa risasi na magari. Mimi nilijibu palepale: mzee mmoja atoke nyumbani, afike chooni na arudi, bila kugongana na mkwe wake. Wambui alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kukhu aliyekuwa pembeni hakucheka. Aliuliza kama huyo mzee kwenye gemu anaona au haoni.

Ndivyo nilivyoanza kitu ambacho leo ndiyo kazi yangu. Wambui alinipa daftari la viboksi, akaniambia skrini nayo ni daftari la viboksi, ila vyake ni vingi na vidogo. Kila kitu mle kina namba mbili tu: kiko mbali kiasi gani kutoka kushoto, na kiko chini kiasi gani kutoka juu. Kutembea ni kubadilisha namba. Ukijumlisha moja unaenda kulia, ukitoa moja unarudi kushoto. Nilimweleza Kukhu na akakaa akifikiri.

"Kwa hiyo mimi nikienda chooni najumrisha?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Na nikirudi natoa. Harafu mwisho nabaki vile vile nirivyokuwa." Akaridhika kabisa na maelezo hayo.

Siku ya kwanza niliyomwendesha Kukhu wa kwenye skrini, alitoka mlangoni vizuri, lakini nyuma yake wakabaki Kukhu wengine, mstari mzima, kila mmoja pale alipokanyaga. Wambui akasema nimesahau kufuta. Kompyuta haijui kwamba umeondoka mahali. Lazima ufute pale ulipokuwa ndipo uchore pale ulipofika.

"Sasa wako Kukhu wangapi?" Kukhu mwenyewe akauliza.

"Kumi na wawili."

"Ng'o! Waondoe hao. Watamariza chai ya watu."

Niliwafuta. Kisha ikaja shida ya kuta. Kukhu wangu alipita katikati ya mfereji, akapenya ua wa kayaba, akatokea upande wa pili wa skrini bila hata mchubuko. Nilikuwa nimeuchora ukuta, tena kwa rangi ya kijani, nikidhani kuchora kunatosha. Wambui akaniambia kompyuta haijui kwamba ukuta ni ukuta mpaka uiambie, na hata ukiiambia itasahau usipoiuliza kila hatua. Kabla hujasogea, uliza: pale ninapokwenda kuna kitu? Kama kipo, baki ulipo. Jambo hilo lilinishangaza kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa naifanya mchana kutwa, na sikujua inaweza kuandikwa.

Watu wangu walikuwa viboksi vitupu. Kukhu alikuwa boksi la zambarau na Baba boksi la buluu, rangi ya koti lake la kazi. Nilitaka kuwawekea mikono, Wambui akakataa.

"Achana na mikono, bana. Mikono inaleta noma kwa kugongana. Utapima mkono umegusa wapi, kidole kimegusa wapi, utazeeka hapa. Kila mtu awe boksi tu."

"Hawana mikono?" Kukhu akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Hawana, Kukhu. Wala miguu."

"Maskini. Wanakura namna gani?"

Kugongana kwenyewe alinifundisha kwa viberiti viwili juu ya meza. Hiki Baba, hiki Kukhu. Utajuaje vimegusana kama umefumba macho na una namba tu? Unauliza maswali manne. Ukingo wa kulia wa huyu umepita ukingo wa kushoto wa yule? Na wa kushoto wa huyu haujapita wa kulia wa yule? Halafu hivyo hivyo juu na chini. Jibu likiwa ndiyo mara nne, wamegusana. Likikosekana moja tu, wako salama, hata kama wamekaribiana kiasi cha kusikia pumzi. Nilivisukuma vile viberiti mpaka njiti zikamwagika, na nilipoelewa nilipiga ukelele Mama Wambui akaja kuuliza nani ameumia.

Ilibaki kuamua wakigusana inakuwaje. Nilimuuliza Mama usiku huohuo alipokuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Kutatokea mabaya. Na wewe usiwe wa kuuliza uliza kila kitu." Basi nikaandika hivyo. Baba akimgusa Kukhu, Kukhu anatoweka, na katikati ya skrini linatokea neno KWISHA. Mabaya mengine sikuyajua. Sikuwaza kwamba Mama alikuwa amechoka tu na hakutaka maswali. Niliichukua kama kanuni, nikaiandika, na kompyuta ikaikubali, na kitu kikishakubaliwa na kompyuta kwangu mimi kilikuwa kweli.

Ili wasigusane, mmoja alipaswa kurudi nyuma. Wambui akauliza ni nani. Hilo sikuhitaji kufikiri. Hatua inayofuata ikiwa itagusa, Baba arudi nyuma viboksi viwili.

Jioni moja nilimwonyesha Baba daftari. Yeye kwa Mama Wambui hakuweza kuingia, kwa hiyo gemu hakuwahi kuiona. Aliona karatasi tu, ua wetu nimeuchora wote, mlango, mfereji, kamba, choo, na viboksi viwili vya rangi. Baba ni mtu wa maneno machache. Aliweka kidole juu ya buluu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Kwa nini mimi ndiye narudi nyuma?"

"Kwa sababu wewe unaona. Kukhu haoni."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Sawa. Umeniandika vizuri," akasema, na mimi nikalala na sifa hiyo chini ya mto.

Lakini gemu ilikuwa na kasoro. Kukhu alisogea kiboksi kimoja kimoja. Baba, kwa sababu ya pikipiki, nilimpa vitatu kwa mpigo. Na mara nyingine alipita katikati ya Kukhu kabisa, akatokea upande wa pili, na hakuna KWISHA, hakuna kurudi nyuma, hakuna lolote. Nilikasirika. Nilihesabu upya namba zote. Niliiona kompyuta kama mtu anayenidanganya machoni.

Siku niliyoielewa kasoro hiyo ndiyo siku yenyewe. Ilikuwa mchana, jua kali, na Mama alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai katikati ya ua. Turubai hilo halikuwa kwenye daftari langu. Wambui alisimama nyuma yangu akila embe, akatazama, akasema, "Si unauliza tu pale anapofika? Anaruka vitatu. Kukhu akiwa kwa cha pili, hujauliza cha pili. Uliza njia yote, si mwisho peke yake."

Ni maneno ambayo hadi leo huwa nawaambia vijana ninaofanya nao kazi, tukitengeneza programu za kuhesabu magunia kwenye maghala. Siku hiyo yalinimeza mzima mzima. Niliinama kwenye kibodi. Nilimsikia Kukhu akisema anatoka kidogo. Nilisema, "Ngoja, Kukhu, nakuja," nikaandika mstari mmoja. Nikaandika wa pili. Sikuwa na wasiwasi kwa sababu pikipiki haikuwa imekohoa.

Pikipiki ilibaki kule Kwanza, tairi limepata pancha. Baba alikuwa amepanda lori la mbolea, ameshukia barabarani na kuja kwa miguu.

Nilichosikia ni fimbo ya Kukhu kugonga saruji, kisha sauti yake, fupi, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nilipofika nje alikuwa ameanguka ubavu karibu na mfereji, mguu mmoja umekunjika vibaya, punje za mahindi zimetawanyika chini yake. Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mkononi alikuwa ameshika fimbo ya Kukhu.

Hayo tu ndiyo niliyoyaona. Boksi la buluu, boksi la zambarau, na kitu cha Kukhu mikononi mwa Baba. Nilijibu maswali manne kichwani mwangu, ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na nikajua wamegusana.

Baba alipiga kelele, "Mama Wambui! Njoo! Njooni haraka!" Sikuwahi kumsikia akipiga kelele. Mama Wambui na Wambui wakaja mbio, na wanaume wawili kutoka posho mill wakavuka barabara. Baba hakusogea. Alivua koti lake la buluu akampa Wambui aliweke chini ya kichwa cha Kukhu, na aliendelea kusema kutoka pale alipo, "Mshikeni hapo kiunoni. Polepole. Siyo mguu, msimvute mguu!" Jasho lilikuwa linamtiririka. Kukhu alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa. Alisema kitu kimoja tu, "Nekesa yuko wapi?" na mimi nilikuwa pale pale, sikuitika. Niliogopa mno.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali wakasema macho yangoje, mzee apone kwanza. Wajomba wakaja kutoka Bumula wakasema kama ni kulala kitandani atalala kwake, wakambeba kwenye pikapu, wakapita njia ya Misikhu kuchukua godoro kwa ndugu. Zamu ya macho ikapita. Nyingine haikutafutwa. Kukhu aliishi miaka saba zaidi, ndani ya ukungu uleule, akiketi kwenye kiti cha kamba mlangoni kwake, na hakutembea tena.

Nilimchukia Baba. Sitafuti neno laini. Sikumwambia, kwa sababu mtoto wa kwetu hamwambii baba yake jambo kama hilo, lakini niliacha kumkimbilia langoni, niliacha kumpelekea maji ya kunawa, na akiniita niliitika kwa heshima kamili na kwenda polepole. Kwa Wambui nilikwenda nikafuta boksi la buluu. Wambui akauliza, "Sasa gemu itakuwa ya nini? Hakuna wa kugongana naye." Nikasema iwe hivyo. Niliicheza hiyo gemu wiki nzima, Kukhu akitoka na kurudi, akitoka na kurudi, peke yake kwenye ua mzima. Baadaye Wambui alihamia Nairobi na kompyuta yake.

Jambo moja lilizidi kunithibitishia. Pasaka iliyofuata, mjomba alileta jogoo mwekundu, mkubwa, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge. "Mama yetu ametuma," akamwambia Baba. "Amesema ni ya shukrani kwa mkwe wake wa heshima." Baba alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akashukuru, akamfungua kamba na kumwachia uani. Mama alitaka kumchinja siku ya Jumapili. Baba akasema hapana. Krismasi akasema hapana. Jogoo huyo alizeeka pale, akala mahindi yetu, akanidonoa mimi, akafa kwa uzee, na Baba akamzika nyuma ya choo. Mimi nilielewa kila kitu, au nilidhani hivyo: Kukhu mwema anamfichia siri, na mwenye hatia hawezi kumeza nyama ya sifa za uongo.

Likizo nilipokwenda Bumula, Kukhu hakuacha kumsifu. Wageni walisimuliwa. "Mkwe wangu yule wa Kitare? Yule ni mtu! Vijana wa siku hizi hawako namna hiyo." Kisha ananishika kichwa anauliza, "Wale watu wako wasio na mikono bado wanazunguka?" Nilimjibu bado. Sikumwambia mmoja nilishamfuta. Alipokufa nilikuwa kidato cha tatu, na kaburini Baba alisimama mbali, nyuma ya watu wote, mahali ambapo mkwe husimama. Nilimwangalia kwa jicho kavu.

Watu huzoea. Sikukaa na hasira miaka yote. Ilipoa ikawa desturi tu ya kutozungumza sana. Nilimpigia simu Jumapili, tukaongea juu ya mvua na bei ya mbolea. Wenzangu walinionea wivu kwamba nina baba asiye na makelele.

Basi nikiwa nimekaa juu ya lile gunia, Baba akaingia chumbani kuchukua kasha. Siku hizi anatembea polepole na miwani imekuwa minene. Aliona daftari akasimama.

"Hiyo si ile ya Wambui?"

"Ndiyo."

Akaketi kando yangu, akalichukua, akalisogeza karibu na uso. Akapata ukurasa wa ua. Nje Mama alikuwa anamwambia dereva wa lori arudi nyuma, arudi nyuma kidogo tena.

"Nilijua uliona," akasema.

"Niliona nini?"

"Siku ile. Ulibadilika kuanzia siku ile. Nikasema, mtoto ameona, na ana haki."

Nilimwambia ukweli, kwamba nilichoona ni Kukhu chini na yeye ameshika fimbo. Nikamwambia na lile lingine pia, maana sasa ni mzee na mimi ni mtu mzima na lori lilikuwa mlangoni. Nikamwambia nilijua alimgusa. Kwamba ndiyo maana alianguka.

Baba alinitazama kana kwamba nimeongea lugha asiyoijua.

"Kumgusa? Nekesa, mimi sikumgusa." Aliweka kidole juu ya karatasi. "Mimi nilikuwa hapa, natoka langoni. Yeye yuko hapa. Aliteleza kwenye mahindi, na hakuanguka mara moja. Aliyumba. Alinyoosha mkono hivi, anatafuta kitu cha kushika. Fimbo ikaniangukia miguuni. Na mimi..." Kidole chake kikasogea kwenye viboksi, kimoja, viwili, kuelekea langoni. "Nilirudi nyuma. Sikufikiri. Mwili wenyewe ulirudi. Halafu nikamwona anakwenda chini."

Nilihesabu viboksi hivyo tena kwa kidole changu.

"Akanitumia jogoo," Baba akasema. "Akanisifu mpaka akafa. Kila mtu Bumula ananisifu mpaka leo, ati yule ni mkwe. Na hapa palikuwa viboksi viwili tu. Mkono wangu ungefika."

Mama akaita kwamba dereva anataka kasha la mwisho. Baba hakuinuka. Alikuwa bado ameliinamia daftari, akilitafuta lile boksi la buluu, na alipolipata alilipapasa pembeni kwa ukucha, kushoto, kisha kulia, kama mtu anayetafuta mahali pa kufungulia.

"Hata wewe," akasema, karibu acheke, "hukunichorea mikono."

Nilimshika mkono, nikamwinua kutoka kwenye gunia, tukatoka nje kwenye lori.